Rafiki yangu anataka twende Mafia tukakae tu, nami naogopa kukaa

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya binafsi hapa Morogoro. Nina miaka 39, nimeolewa, tuna watoto watatu, na mama mkwe wangu tunaishi naye. Naandika kuhusu rafiki yangu. Nitamwita Subira, ingawa si jina lake.

Tulikutana bwenini, kidato cha kwanza, tukalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Baba yake alipofariki tukiwa kidato cha tatu, ni mimi niliyeomba ruhusa nikamsindikiza hadi kwao Kibiti. Nami nilipopungukiwa ada ya chuo cha uuguzi, mama yake alitoa fedha za korosho za msimu ule akanijazia. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza kwa upasuaji, Subira alitandika kanga sakafuni wodini akalala hapo hadi niliporuhusiwa. Ndivyo tulivyo. Likimfika yeye nipo, likinifika mimi yupo.

Baadaye alikwenda Muscat kufanya kazi, akakaa miaka mingi. Ndoa yake ilivunjika akiwa huko, na hakujaliwa mtoto. Sasa amerudi, ana duka la vitenge na mashuka Kariakoo, na biashara inamwendea vizuri.

Akiwa bado Muscat, mama yake aliugua. Kwa kuwa mimi niko hospitalini, ndugu walikubali nimchukue nimweke kwangu. Nilimuuguza mpaka siku zake zilipotimia. Tulimzika Kibiti, Subira akafika siku ya hitima. Tulilia wote, akanishukuru mbele ya ndugu zake, kisha akarudi kumalizia mkataba.

Mwaka jana, aliporudi moja kwa moja, tulisema twende mahali sisi wawili tu. Tukaenda Unguja. Ratiba niliipanga mimi, maana hata nyumbani nisipopanga hakuna kinachokwenda. Mji Mkongwe, Changuu kuwaona kobe, Jozani kuwaona kima punju, Kizimkazi tukaamka kabla ya alfajiri kuwafuata pomboo, kisha mashamba ya viungo. Siku ya mwisho tulikuwa Jambiani. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, kina mama wako kwenye mwani wao, nami nikauliza kama tunaweza kumpata mtu wa kututembeza tuone mwani unavyolimwa. Subira akasema, "Mwenzangu, unanikimbiza. Nimekuja kukaa na wewe, na hujakaa hata mara moja." Hakusema kwa hasira. Lakini liliniuma, kwa sababu yote yale niliyapanga kwa ajili yake. Kwenye boti ya kurudi Dar kila mmoja alikuwa na simu yake.

Sasa amenitumia ujumbe wa sauti. Amekata tiketi mbili za ndege kwenda Mafia mwisho wa Novemba na amelipia chumba Utende kwa usiku sita, kila kitu juu yake. Anasema, "Safari hii hakuna ratiba. Tunakula, tunalala, tunakaa barazani tunaangalia maji. Hata potwe hatuendi kuwaona." Ujumbe huo nimeurudia sana kuusikiliza. Na mimi potwe, wale samaki wakubwa, ningependa kuwaona.

Kuna suala la fedha. Nina marejesho ya kikoba, na Januari kuna ada za watoto. Siwezi kuchangia hata robo ya safari kama hiyo. Ninahisi ananilipa kwa ajili ya Mama, na sikumuuguza Mama ili nilipwe. Hapa nyumbani nako, mama mkwe amesema mke wa mtu haendi kustarehe kisiwani na mwanamke asiye na mume, watu watasemaje. Mume wangu alisema "nenda tu", akaendelea kutazama mpira. Sijui kama ni ruhusa au amechoka na mimi.

Lakini kinachonikosesha usingizi si hayo. Naogopa kukaa. Sijawahi kukaa na Subira bila shughuli tangu tumalize shule. Tumekutana misibani, hospitalini, na kwenye harusi tukiwa jikoni. Naiogopa siku ya pili mchana, chai imekwisha, tunaangalia maji, ndipo tugundue kwamba hatuna la kusemezana, kwamba kilichokuwa kinatuunganisha ni shida tu. Afadhali nibaki na urafiki nilio nao kuliko kwenda kuupima nikaukosa.

Jambo moja la mwisho, ingawa silo ninalouliza. Mama alipozidiwa alinikataza nisimwambie Subira hali ilivyo. Alisema, "Mwache afanye kazi, atakuja tu." Kila Subira alipopiga simu nilimwambia Mama anaendelea vizuri. Hilo hatujawahi kulizungumza.

Niende? Au nitafute udhuru wa kazini? Tiketi inaweza kubadilishwa hadi mwisho wa mwezi huu.

Mwenye Wasiwasi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa usiku unaoupitisha macho, na asante kwa kuniandikia kwa kirefu namna hii.

Umesema lile la mwisho silo unaloliuliza. Nitakuheshimu kwa kuanza na yale uliyoyauliza, lakini sitalipita, kwa sababu nimeisoma barua yako na kuirudia, na kila mara naona mengine yote yamekaa kulizunguka.

Kama nimekuelewa, shida yako iko hivi. Umealikwa na mtu unayempenda kwenda kupumzika, na mwaliko huo umekutisha kuliko zamu yoyote ya usiku. Unaogopa kula fedha zake, unaogopa maneno ya nyumbani, na zaidi ya yote unaogopa kwamba mkiondolewa kazi mikononi hamtabaki na kitu.

Nianze na hofu hiyo ya tatu. Tumelelewa na methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wewe na Subira mmeiishi kwa zaidi ya miaka 20. Msiba wa baba yake, ada yako, sakafu ya wodi, kitanda cha mama yake nyumbani kwako. Ni urafiki ambao wengi wanaosoma ukurasa huu wangeutamani. Lakini methali ile imetufanya wengi tuone kwamba ni dhiki peke yake inayothibitisha urafiki, na kwamba kukaa pamoja kwa raha ni nyongeza tu, anasa ya wasio na kazi. Matokeo yake mtu anajua kumpikia rafiki yake uji wa mgonjwa, na hajui anapenda kunywa nini akiwa mzima. Wewe unajua Subira analia vipi. Je, unajua siku hizi anacheka kwa kitu gani?

Na hapo naomba nikuulize jambo. Una uhakika gani kwamba kilichowaunganisha ni shida? Shida iliwakutanisha mara nyingi, hilo kweli. Watu wengi hukutanishwa na shida, wakishazika kila mmoja anakwenda kwake. Nyinyi mlibaki. Tena kabla ya shida yoyote mlikuwa wasichana wawili kwenye kitanda cha ghorofa, taa zimezimwa, yeye juu na wewe chini. Sidhani kama usiku ule mlikuwa mnazungumzia misiba. Huo nao ulikuwa ukaaji bila shughuli, na umeuandika mwenyewe, isipokuwa hukuuhesabu.

Kuhusu ratiba sitaki ujilaumu. Wewe ni muuguzi. Siku yako yote inakwenda kwa saa: dawa za saa mbili, vipimo, sindano ya saa nane, ripoti ya kukabidhi zamu. Ukirudi nyumbani kuna sare za shule na dawa za presha za mama mkwe, kama anazo. Mtu aliyezoea hivyo akiambiwa akae tu, mwili wake unashtuka, unadhani kuna mgonjwa amesahauliwa. Ratiba ya Unguja ilikuwa zawadi yako kwa Subira, ya aina unayoijua kuitoa. Naye alikuwa anaomba ya aina nyingine. Inawezekana wote wawili mlikuwa mnapendana siku ile pale Jambiani, na wote wawili mkaumia.

Lakini niruhusu nikuulize kwa upole: je, ratiba ile ilikuwa na kazi nyingine pia? Mtu anayeamka kabla ya alfajiri kufuata pomboo, akirudi anaingia kwenye gari la Jozani, hana saa ya kuulizwa swali gumu. Simaanishi kwamba ulikimbia kwa makusudi. Nakuachia ulifikirie ukiwa peke yako.

Sasa kuhusu Mafia kwenyewe, maana unakuogopa mahali ambapo pengine hukujui. Utende iko upande wa mashariki, kwenye Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Kule mwenye kupanga siku ni maji. Hujaa na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo hata ungetaka kuweka saa ya kuogelea au ya kuvuka kwenda Chole, kesho haitakuwa ile ile. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ghuba inakauka kwa upana mkubwa na mashua zinalala ubavu zikingoja. Wewe unayehitaji kujua kinachofuata utakuwa na cha kuuliza kila asubuhi: maji yanajaa saa ngapi? Kuvuka hadi Chole ni mwendo mfupi wa mashua. Kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa, kuna mibuyu, kuna magofu ya enzi za Wajerumani, na kijiji kisicho na gari. Ukitaka mbali zaidi, Juani kuna magofu ya Kua. Chole unaweza kuizunguka kwa nusu siku na kurudi kula mchana.

Na potwe nenda ukawaone, kama moyo unataka. Novemba ni msimu wao, unaoanza Oktoba hadi Februari au Machi, upande wa Kilindoni, wakifuata uduvi na viumbe vidogo vya majini. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana habari na binadamu. Boti hutoka asubuhi. Subira anaweza kubaki amelala, ukarudi ukamkuta barazani na una habari ya kumpa. Umesoma ujumbe wake kama amri, kwamba mtakuwa mmefungwa pamoja kutwa nzima mkitazamana. Labda ndivyo alivyomaanisha, labda hakumaanisha hivyo. Hujamuuliza. Nadhani ungeweza kumwambia, "Mimi potwe nataka kuwaona, wewe utalala", ukaona anavyojibu. Mara nyingi wawili wanaoweza kuachana kwa asubuhi moja hukaa vizuri zaidi jioni.

Ila nikwambie na upande wa pili. Mwisho wa Novemba vuli inaweza kuwakuta, na siku ya mvua Utende hakuna pa kukimbilia. Kutakuwa na saa za kimya. Kimya cha watu waliofahamiana tangu utoto mara nyingi ni cha kustarehesha, lakini siwezi kukuhakikishia kwamba hakitakuwa kizito kwenu, hasa kwa sababu ya lile la mwisho, ambalo naliendea.

Kwanza fedha, kwa ufupi. Unasema anakulipa. Je, amesema hivyo, au ni wewe? Mama yake alipotoa fedha za korosho, ulizipokea ukasoma, na sidhani kama ulijiona umenunuliwa. Kwa nini mkono wa mama ulikuwa zawadi na mkono wa binti yake uwe malipo? Inawezekana pia uko sahihi, kwamba kuna deni analotaka kulifuta ili apumue. Basi hata hilo linastahili kusemwa waziwazi: "Naja, lakini nakuja kwa sababu nakutaka wewe, si kwa sababu ya Mama." Kama kula bure kunakukaba, chagua kitu unachokiweza ukibebe wewe: ada ya hifadhi inayolipwa getini kabla ya Utende, mashua ya Chole, samaki wa jioni moja. Na hata ukilipiwa kila kitu, beba nauli yako ya kurudi mfukoni, usiiguse. Mwanamke aliye na nauli yake hukaa kwa hiari. Kukataa kabisa nako kuna gharama. Subira hana mtoto wala mume, na mama wa kumtunza hana tena. Huenda wewe ndiye mtu aliyebaki wa kumfanyia jambo.

Mama mkwe wako ana lugha ya kizazi chake, na pengine nyuma ya maneno yale kuna hofu ndogo tu: nani atakuwepo nyumbani kwa siku hizo? Ukimjibu hilo, mengine yanaweza kupoa. Mume wako muulize tena, mpira ukiwa umezimwa. "Nenda tu" inaweza kuwa mapenzi ya mtu asiyejua kuongea. Inaweza kuwa kitu kingine, na kama ni kitu kingine hakikuanzia Mafia.

Sasa Mama.

Mdogo wangu, ulikuwa muuguzi na mwana kwa wakati mmoja, chini ya dari moja. Kazini umefundishwa kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nyumbani, mtu yule yule aliyekusomesha alikushika mkono akakukataza. Sitakuambia ulifanya vema au vibaya. Sikuwepo chumbani. Ninachokiona ni kwamba ulilibeba peke yako na bado unalibeba, na ukialikwa kukaa, unaona halina pa kufichwa.

Naomba uyasikilize upya maneno yake kama ulivyoyaandika. "Mwache afanye kazi, atakuja tu." Mimi nasikia mtu aliyeamini bado kuna muda. Je, alikukataza kwa wiki zile, au alikukataza daima? Wewe unaijua sauti yake, mimi siijui. Kama aliwahi kusema kitu kingine, cha kumfikishia binti yake au cha kumficha, hicho nacho kipime.

Na maneno ya Subira pale Jambiani yapime pia. "Nimekuja kukaa na wewe." Inawezekana alikuwa amechoka na jua, basi. Lakini mtu aliyefika siku ya hitima ana mambo madogo ambayo hayajui na hana wa kumuuliza. Mama alikula nini siku za mwisho? Alikuwa anamtaja nani usiku? Aliogopa? Aliwahi kucheka? Siku zile ni wewe peke yako unaye­zijua. Huenda anazitaka na hajui pa kuanzia, kwa sababu kila mkikutana una shughuli. Huenda pia amekwisha kuhisi kwamba simu zile hazikuwa za kweli, na anangoja useme. Au hahisi lolote, na anataka tu kulala na kula pweza. Yote matatu yanawezekana, na usichague moja ukaliamini kabla ya kumsikia.

Ukiamua kumwambia, fikiri mahali na wakati. Ukimwambia Utende, mna siku nzima, hakuna mteja wala zamu, na akilia upo. Lakini kumbuka kwamba kisiwa hakina mlango wa kutokea usiku. Akikasirika, na ana haki ya kukasirika, chumba ni kimoja na ndege ina siku yake. Basi kama ni huko, mwambie siku za mwanzo mbaki na muda wa kurudiana, na zungumza na wenye nyumba mapema ujue kama kuna chumba cha pili. Ukimwambia kabla ya safari, Dar, kwake, atakuwa na kitanda chake na ndugu zake karibu, na safari inaweza kufa. Inaweza pia kuwa safari nyingine kabisa, nyepesi.

Kuna njia ya tatu, nayo ipo kwenye ramani. Mafia si lazima muende kwa ndege. Magari ya Mbagala yanapita Mkuranga, yanaingia wilaya ya Kibiti na kuteremka hadi Nyamisati, na kutoka Nyamisati kuna vyombo vya kuvuka hadi Kilindoni. Mama amelala wilaya hiyo hiyo. Mnaweza kubadilisha tiketi ya upande mmoja, mkaenda kwa barabara, mkalala Kibiti usiku mmoja, mkazuru kaburi, kesho yake mkavuka. Bahari wakati huo kwa kawaida ni tulivu kuliko majira ya kusi, upepo mkali wa kusini. Ni safari ya kuchosha kuliko ndege, na Subira anaweza asitake, kwa sababu ameomba mapumziko na wewe utakuwa umeongeza kituo kwenye ratiba. Muulize kwanza, wala usimpangie. Lakini ni haki yake kualikwa kwenye kaburi la mama yake na mtu aliyekuwepo.

Na unaweza kuamua kutomwambia. Wapo watu wanaochukua agizo la marehemu kama amana, na siwadharau. Hatari yake unaijua, kwa sababu unaiishi sasa: utaendelea kumkwepa kwa kumpangia mambo, naye ataendelea kuona kwamba hukai.

Umeuliza kuhusu udhuru wa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo kila mwaka, na nina shaka umezitumia. Kwa hiyo kazi haitakuzuia, ila ukitaka kuitumia kama kizuizi utaweza, na Subira hatajua. Utakuwa umemficha jambo la pili. Kama jibu lako ni hapana, nadhani unaweza kumpa hapana ya kweli: "Sijawa tayari", au "Njoo wewe Morogoro kwanza, tukae siku mbili", maana hata kwenu milima ya Uluguru ipo, na baraza lipo, na siku mbili si sita. Hilo nalo ni jibu zuri la rafiki.

Sijui utachagua lipi. Naona kila njia ina sehemu inayouma na sehemu inayopumzisha, na wewe ndiye utakayeamka nayo. Una hadi mwisho wa mwezi kabla ya tiketi kufungwa. Mpigie simu, usimtumie ujumbe, maana sauti yako anaijua. Usimpige ukitoka zamu ya usiku. Mpigie siku uliyolala, watoto wakiwa shuleni, na mwanzoni muulize tu kitu kimoja: ukisema tukakae, unamaanisha nini? Kisha nyamaza umsikilize hadi amalize.